Sufuria iliyoacha kuchemka

Haya jamani, leo siasa tuiweke kando kidogo. Nilikuwa Katumba, huku Mpanda, nimekaa na kijana wa kidato cha sita, tunasubiri maharage yaive. Bibi yake ni wa wale waliokuja kutoka Burundi miaka ya 1970. Akaniuliza: kaka, hii heliamu ya Rukwa wanayoisema redioni ni ya kujazia maputo tu? Nikamwambia, hebu angalia hiyo sufuria.

Maji yanatokota kwa sababu joto la chini halifiki juu upesi. Linakwama kwenye kitako, mapovu yanazaliwa. Sasa heliamu. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes, pale Leiden, Uholanzi, aliigeuza kuwa kimiminika, nyuzi kama 269 chini ya sifuri. Tarehe 8 Aprili 1911, siku ileile walipoona zebaki iliyopozwa inapitisha umeme bila upinzani wowote, aliandika pia daftarini kwamba heliamu yenyewe, ilipozidi kupozwa, iliacha kuchemka ghafla. Basi, akaishia hapo. Habari kubwa ya siku ilikuwa zebaki, ile ndogo ikalala daftarini (ugonjwa huu sisi waandishi tunaujua). Ni mwaka 1932 ndipo McLennan na wenzake wa Toronto walipoichapisha.

Sababu ilianza kuonekana 1936, Leiden hiyohiyo. Willem Keesom na binti yake Anna walipima na kukuta kwamba chini ya nyuzi 2.17 za Kelvini, heliamu inapitisha joto mara 200 hivi kuliko shaba tunayoishika mkononi. Joto halipati nafasi ya kukusanyika mahali pamoja, povu litatoka wapi? Mvuke unaondoka juu tu, kimyakimya. Mwaka uliofuata Allen, Peierls na Zaki Uddin wa Cambridge wakakuta hata kanuni ya shuleni, kwamba tofauti ya joto ikiwa maradufu basi na joto linalopita ni maradufu, humo haifanyi kazi.

Kijana akanyamaza. Kisha: na hii ya kwetu?

Ya kwetu, watafiti wa Oxford na Durham waliitangaza 2016, na uchorongaji bonde la Rukwa ukaanza 2021. Mpaka 2012 hata Mpanda ilikuwa Mkoa wa Rukwa, kwa hiyo "kwetu" nikamkubalia.

Akauliza tena, kuna maabara gani huku ya kuipoza, akaione ikiacha kuchemka? Sikuwa na jibu, na maharage yalishaanza kushika chini.