Mbegu Ilitua Bagamoyo, Ladha Ikapatikana Mlimani

Mwaka 2028 Misheni Katoliki ya Bagamoyo itatimiza miaka 160. Mwaka huo ukifika, bila shaka watakumbukwa watumwa waliokombolewa na kupewa makao pale, utakumbukwa mwili wa David Livingstone uliofikishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na watakumbukwa mapadri waliotokea hapo kuelekea bara. Ni haki yao wote. Lakini yupo msafiri mwingine aliyeshukia pwani hii, akapanda bara na kubadili maisha ya watu wengi mno, ambaye hatajwi sana katika simulizi za mji: mbegu ya kahawa ya arabika.

Kahawa ya kunywa si ngeni kwa watu wa Bagamoyo. Jioni katika kata ya Dunda, muuza kahawa anaweka dele juu ya jiko la mkaa, anasuuza vikombe vyake vidogo visivyo na mkono, anamimina kahawa nyeusi isiyo na sukari, na kashata ipo pembeni kwa anayetaka. Wazee wanabishana juu ya Simba na Yanga, juu ya siasa, juu ya bei ya samaki. Mahali kahawa ile ilikolimwa hapaulizwi. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu katika kahawa swali la kwanza la ladha ni hilo: imelimwa wapi?

Wafaransa walilielewa swali hilo zamani kwa upande wa mvinyo. Kule Burgundy zabibu ya aina moja tu, Pinot Noir, hutoa mvinyo wa bei na ladha tofauti kabisa katika mashamba mawili yanayopakana, kwa sababu mteremko, udongo na jua la asubuhi havifanani. Ndiyo maana chupa zao huandikwa jina la kijiji au la shamba. Hata Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ukame na mchanga wa kule vina sauti yao ndani ya glasi. Padri Antoine Horner, aliyeanzisha misheni ya Bagamoyo, alizaliwa Alsace, nchi ya mashamba ya mizabibu. Huku kwetu yeye na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja na mmea mwingine, nao ukafuata kanuni ileile.

Safari ya mbegu yenyewe inaelezeka kwa ufupi. Mwaka 1715 Wafaransa waliitoa kahawa Yemen wakaipanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Kutoka Réunion wamisionari walifika Zanzibar mwaka 1860, na mwaka 1868 wakavuka kuja Bagamoyo. Popote walipojenga kanisa walipanda miti, na miongoni mwa miti hiyo ilikuwamo mibuni ya asili ya Bourbon. Wataalamu wa mbegu za kahawa duniani wanaitaja Bagamoyo kwa jina wanapoeleza jinsi Bourbon ilivyoenea Afrika Mashariki. Kosa lao ni tarehe: baadhi ya maandishi yao yanasema misheni ya Bagamoyo ilianza 1862. Mwaka huo Horner alikuwa hata hajafika Zanzibar, alifika 1863. Mji uliotoa mchango mkubwa hivi unastahili angalau kuandikiwa mwaka sahihi.

Waliofanya kazi katika mashamba yale ya misheni hawakuwa mapadri peke yao. Wengi walikuwa vijana na watoto walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872, kilichovunja mikarafuu na minazi ya Zanzibar, kiliibomoa misheni pia, na mikono hiyohiyo ikaanza upya. Tunapoizungumzia kahawa ya Tanzania kwa fahari, tuwataje na hao.

Hata hivyo pwani haikuwa makao ya arabika. Mmea huu unapenda joto la wastani, karibu nyuzi 18 hadi 22, na usiku wenye baridi. Bagamoyo iko usawa wa bahari na joto lake halishuki sana hata usiku. Mahali pa joto tunda la kahawa huiva haraka, punje hubaki laini, na kikombe huwa hakina uchangamfu. Juu mlimani tunda hilo hukaa mtini miezi saba, minane, hata tisa. Baridi ya usiku hulichelewesha, sukari hujikusanya, punje hukaza, na ule uchachu mzuri ambao waonjaji wanautafuta hupata nafasi ya kukua. Udongo nao una neno lake: mibuni hupeleka mizizi chini sana, ikitaka udongo wenye kina, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Mchanga wa pwani hauwezi kazi hiyo. Majivu ya volkano yaliyooza kwa maelfu ya miaka yanaiweza.

Basi mbegu ikapanda. Mwaka 1893 ilikuwa Bura, Taita, na baadaye misheni ya Mtakatifu Austin, Nairobi, ambako Wakenya waliipa jina la kahawa ya misheni ya Kifaransa. Kilimanjaro, mapadri waliotokea Bagamoyo waliipanda Kilema, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Mwaka unaotajwa na wengi ni 1898.

Si kila mlima uliikubali. Usambara ya Mashariki, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua shamba la Derema mwaka 1891, na makampuni mengine yakafuata. Waliuona msitu mnene wakadhani chini yake pana udongo tajiri. Kumbe utajiri ulikuwa kwenye majani yanayooza na miti yenyewe. Msitu ulipofyekwa, mvua ikasomba rutuba, ukabaki udongo mwekundu wenye asidi. Mibuni ilizaa vizuri miaka michache, kisha ikadhoofu na kuliwa na wadudu, na wenye mashamba wakageukia mazao mengine.

Kilimanjaro kahawa ilikuta kitu ambacho Wajerumani wa Usambara hawakuwa nacho: kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Wachagga walikuwa wameshalima mlima ule kwa vizazi vingi. Mgomba ulitoa kivuli, ng'ombe wa zizini alitoa mbolea, na mifongo, yaani mifereji, ilileta maji kutoka msituni wakati wa kiangazi. Mbuni uliingia chini ya mgomba kama mgeni aliyekuta nyumba imeshafagiliwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na hapa namfuata mwanahistoria John Iliffe, ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya historia ya Tanganyika kimeyaeleza mambo haya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkuu wa utawala wa Kiingereza Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa. Walowezi wa Kizungu walipandwa na hasira. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yatazalisha wadudu na magonjwa yatakayovamia mashamba yao, kwamba wizi wa kahawa utaongezeka, na kwamba kahawa ya Mwafrika itaharibu jina la Kilimanjaro katika soko la London. Walitaka Waafrika wazuiwe kulima arabika, kama jirani zao Kenya walivyokuwa wamezuiwa. Sababu ambayo hawakupenda kuisema kwa sauti ilikuwa moja: Mchagga mwenye kahawa yake hatakwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mlowezi.

Wachagga walijibu kwa vitendo. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo wa Old Moshi. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupambana na wadudu kwa kupulizia mibuni dawa, na hivyo kuibomoa hoja kubwa ya walowezi. Kisha kikakusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja. Serikali ya Gavana Donald Cameron haikupiga marufuku. KNPA ilipoanza kusemea ardhi ya vihamba, serikali iliingiwa na wasiwasi, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU, kilichokuwa chini ya uangalizi wa karibu zaidi. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya, wakulima waliichachamalia hata KNCU wakitaka uhuru wa kuuza wanakotaka, na ghasia zikazuka.

Ugomvi ule ulikuwa wa ardhi na vibarua, lakini ulikuwa pia wa ladha. Walowezi walishikilia kwamba ubora hutoka kwa mwenye shamba kubwa, Mzungu mwenye mtaji. Historia imewapa jibu. Kahawa iliyoijengea Kilimanjaro jina imetoka pia kwenye maelfu ya viunga vidogo, chini ya migomba, ikichumwa tunda moja moja jekundu na akina mama na watoto wao, ikamenywa siku hiyohiyo, ikalowekwa hadi utelezi uachie, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Mlima uliwapa baridi na udongo. Wao waliongeza kivuli, samadi na uangalifu. Ukiondoa kimojawapo, ladha inashuka.

Ushahidi wa hayo upo kwenye chumba cha waonjaji, Moshi, mji wa minada ya kahawa. Mwonjaji hukaanga sampuli, huisaga, huimwagia maji ya moto katika vikombe vilivyopangwa safu, na kusubiri. Unga hupanda juu na kuweka ukoko; huuvunja kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kugusa kikombe. Kisha huvuta kahawa kwa kishindo ili isambae mdomoni kote, na kuitema. Arabika iliyooshwa ya Kilimanjaro husifiwa kwa uchachu mwororo na harufu safi. Robusta ya Kagera, ambayo Wahaya waliitafuna tangu enzi za mababu, ni nzito na chungu zaidi. Hata mibuni ya damu moja hutofautiana. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichofunguliwa miaka ya 1930, kilichagua miti bora katika mashamba yaliyotokana na mbegu za Bagamoyo, ndipo ikapatikana aina ya N39. Kenya nayo inajivunia SL28, iliyochaguliwa kutoka mibuni ya Tanganyika iliyostahimili ukame, na vipimo vya vinasaba vinaiweka katika ukoo wa Bourbon. Ndugu hawa wakilimwa kwenye milima tofauti huleta vikombe visivyofanana.

Baada ya Uhuru yalifuata ugonjwa wa chulebuni, kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kurejeshwa kwake miaka ya 1980, kisha soko huria. Bei zilipoanguka, wapo walioing'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001 palepale Lyamungu, imetoa miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani, na hiyo ni kazi ya kusifiwa.

Lakini sisi wenyewe tunaijua kahawa yetu kidogo mno. Sehemu kubwa huuzwa nje bila kukaangwa. Japan, kanuni za biashara zinaruhusu arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata kama imelimwa Mbinga au Mbozi. Mmatengo wa Mbinga anayelima kwenye ngoro zake, yaani mashimo ya kuhifadhi udongo na maji, juu ya milima yenye udongo na mvua yake, anatoa ladha ambayo jina lake halifiki mezani.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kufanya kabla ya 2028. Wakaangaji wetu waandike kwenye kila pakiti wilaya na mwinuko ilikolimwa kahawa, ili mnywaji wa Dunda na wa Tokyo wajue wanakunywa mlima gani. Na wanaotunza historia ya Bagamoyo waipe mbegu ile nafasi yake kwenye makumbusho na kwenye maelezo ya waongoza wageni, yenye mwaka 1868 na majina ya Bura na Kilema. Mji huu umebeba kumbukumbu za uchungu kwa muda mrefu. Unayo haki ya kukumbukwa pia kwa kile ulichokipa mlima.