Orodha Kabla ya Hesabu: Takwimu na Mtaa wa Nyakabiga

Kila sampuli huzaliwa na orodha. Mtafiti anayetaka kujua kipato cha kaya za Nyakabiga, mtaji wa wenye maduka wa mtaa huo, au idadi ya wapangaji katika nyumba zilizo karibu na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, hawezi kubisha hodi kila mlango. Atachagua milango michache kwa nasibu, na nadharia ya uwezekano itampa haki ya kusema jambo kuhusu ile ambayo hakuifikia. Haki hiyo ina sharti: kila mlango uwe umeandikwa mahali, na uwezekano wake wa kuchaguliwa ujulikane. Ninachokitetea hapa ni kwamba historia ya takwimu mjini Bujumbura, ukiitazama kutoka mtaa huu mmoja, ni historia ya orodha kuliko ya fomula. Tafiti za biashara na jamii zilipokwenda kombo, mara nyingi hesabu yenyewe ilikuwa sahihi; kasoro ilikuwa katika orodha: nani aliitunza, aliitunzia nini, na ilikuwa imezeeka kiasi gani.

Wabelgiji waliotawala Ruanda-Urundi, eneo lililojumuisha Burundi ya leo, hawakuanza kwa kuhesabu watu. Walihesabu walipa kodi. Kitengo chao kilikuwa mwanamume mzima mwenye nguvu za kufanya kazi, aliyeandikwa kwenye makaratasi ya utawala kwa herufi tatu, HAV; idadi ya wanawake, watoto na wazee ilikadiriwa kwa kuanzia hapo. Katika mji wa Usumbura, jina la Bujumbura kabla ya uhuru wa 1962, mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kuandikwa ndiko kulikompa Mwafrika ruhusa ya kuishi mjini. Ushahidi mzito kuliko wote uko Buyenzi, mtaa wa Waswahili na Waislamu usio mbali na Nyakabiga. Amri ya kikoloni ya 1950 ilikataa kutambua ndoa mpya za mitala, na mke wa pili akawa hana nafasi kwenye daftari la mji ila kama mwanamke asiye na mume. Papo hapo ilikuwepo kodi ya wanawake walioishi peke yao, yaani walioishi peke yao kwa mujibu wa karatasi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameeleza jinsi wajane, wanawake walioachwa na wake wa mitala wa Buyenzi walivyoipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950, kwa sababu iliwaweka wote katika fungu moja na wanawake wenye sifa mbaya. Mtakwimu ana la kujifunza hapo. Safu moja ya daftari ilichanganya mjane, mke halali kwa sheria ya dini yake na mwanamke asiyeolewa, na yeyote atakayechukua daftari hilo leo kukokotoa idadi ya wanawake wasioolewa wa Usumbura atapata jibu lenye desimali nzuri ambalo halikuwahi kuwa kweli.

Katika miaka hiyohiyo sayansi ya sampuli ilikuwa imekomaa kwingineko. Anders Kiær wa Norwei alikuwa ameitetea mbinu ya kuchagua sehemu badala ya kuhesabu wote tangu 1895, na Jerzy Neyman akaipa msingi wa kihisabati mwaka 1934. Ilipofika Ruanda-Urundi iliangukia mashambani. V. Neesen alichapisha takwimu za uzazi na vifo mwaka 1953, na Philippe Leurquin akatoa mwaka 1960 kitabu kizima kuhusu hali ya maisha ya watu wa vijijini, kazi ya uangalifu mkubwa inayostahili kusomwa hadi leo. Nairobi nako, William Brass, aliyefanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki kuanzia 1948 hadi 1955, alikuwa akipambana na data za watu ambao hawakujua umri wao. Baadaye akabuni njia ya kukadiria vifo vya watoto kwa kumuuliza mama maswali mawili mepesi, amezaa wangapi na wangapi wamefariki. Ukuu wa Brass ni kwamba hakuilaumu data mbovu. Aliuliza imeharibikaje, kisha akaitengenezea dawa inayofanana na ugonjwa.

Burundi huru ilifanya sensa yake ya kwanza ya kisasa Agosti 1979 na kupata watu 4,028,420. Ya pili, ya Agosti 1990, iliwapa watafiti ramani mpya ya maeneo ya kuhesabia, mji wa Bujumbura ukiwa na watu 235,440. Orodha hiyo haikudumu. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika miaka miwili iliyofuata mitaa ya Bujumbura ilipasuka kwa misingi ya kikabila. Wahutu waliondolewa kwa nguvu Nyakabiga, Ngagara, Musaga na Cibitoke. Watutsi wakakimbia Kamenge na Kinama. Bwiza, uliokuwa mtaa wa mchanganyiko, nao ukasafishwa mwaka 1995. Nyumba zilibaki, wenyewe walikuwa wengine, na nyingine hazikuwa na mtu. Kwa maana ya kitakwimu, kaya namba fulani ya Nyakabiga katika daftari la 1990 na kaya iliyokuwa ndani ya kuta zilezile mwaka 1996 zilikuwa viumbe viwili tofauti. Sensa iliyofuata ilikuja mwaka 2008, miaka kumi na minane baadaye, na kuukuta mji una watu 497,166, zaidi ya maradufu.

Si kwamba katika kipindi hicho hakuna aliyepima. Tom Bundervoet, Philip Verwimp na Richard Akresh walitumia uchunguzi wa kaya wa 1998 kuonyesha kwamba kila mwezi wa ziada ambao mtoto alikaa katika eneo la vita ulipunguza urefu wake kwa umri kwa 0.047 ya mkengeuko sanifu. Ni matokeo ya kuhuzunisha na ya kuaminika, na nguvu yake inatokana na kulinganisha watoto wa maeneo na miaka tofauti ambako vita vilifika kwa nyakati tofauti. Lakini ni matokeo ya vijijini. Mtoto aliyelelewa katika mtaa wa mji uliohamwa na kuhamiwa hayumo, na si kwa kosa la watafiti hao. Mahali ambapo watu wamehama zaidi ndipo panapokuwa pagumu zaidi kupimwa, na ndipo kipimo kinapohitajika zaidi.

Mtakwimu wa leo atanijibu kwamba tatizo hili lina tiba, na jibu lake lina uzito. Katika uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa 2016-17, kwa mfano, maeneo 554 ya kuhesabia yalichaguliwa kutoka ramani ya sensa ya 2008 kwa uwiano wa ukubwa wake, kisha makarani wakapita na kuorodhesha upya kaya zote za kila eneo kabla ya kuchagua za kuhojiwa. Eneo lililokuwa na kaya mia likakutwa na mia mbili, uzito wa kila jibu lake hupandishwa, na wastani haupotoki; kinachoongezeka ni utawanyiko, yaani upana wa kosa. Hilo ni kweli kihisabati. Ila uzito hurekebisha kile tu ambacho karani ameruhusiwa kukiona. Kaya iliyofunga mlango haimo katika orodha mpya, wala mpangaji ambaye mwenye nyumba hakumtaja.

Na Nyakabiga ilikuwa na sababu za kufunga mlango. Maandamano yaliyoanza tarehe 26 Aprili 2015 kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalikuwa na nguvu sana katika mtaa huu. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo kambi za kijeshi zilishambuliwa, kisha vikosi vya usalama vikaingia mitaani, Nyakabiga na Musaga zikiathirika vibaya. Jeshi lilitangaza vifo 87, 79 kati yao likiwaita maadui. Mashirika ya haki za binadamu yaliikataa hesabu hiyo na kueleza juu ya watu waliouawa majumbani mwao. Katika kipindi hicho kila kaya ililazimishwa kuwa na daftari lenye majina ya wote wanaolala ndani, na polisi walilikagua wakati wa misako. Jina lisiloandikwa, au lililoandikwa na mwenyewe hayupo, lilitosha kuleta mashaka. Sasa fikiria karani wa utafiti, mkweli na mwenye barua zote, anabisha hodi Oktoba 2016 na swali lake la kwanza ni lilelile la daftari: nani alilala hapa jana usiku? Safari ya daftari la kodi la miaka ya 1950 hadi daftari la kaya ni ndefu, lakini mwenye nyumba anaelewa vizuri kwamba yote mawili yanauliza jambo moja. Takwimu ina mbinu za kumlinda anayejibu. Stanley Warner alionyesha mwaka 1965 kwamba mtu anaweza kuachiwa kifaa cha bahati nasibu kiamue ni swali lipi anajibu, anayehoji asijue, na uwiano wa jumla ukapatikana bila siri ya mtu yeyote kufichuka. Mbinu hiyo hulinda jibu. Kuwepo kwa mtu ndani ya nyumba hailindi.

Kwa upande wa biashara, pengo linajitokeza kwa njia nyingine. Uchunguzi wa makampuni wa Benki ya Dunia nchini Burundi mwaka 2014 ulihoji makampuni 157, yote rasmi na yenye wafanyakazi watano au zaidi. Duka la vyakula, saluni, mchoma mishikaki, mwenye mashine ya fotokopi anayewategemea wanafunzi: uchumi wenyewe wa Nyakabiga umebaki nje ya mlango kwa ufafanuzi, kabla hata nasibu haijatumika. Kisha mtu huchukua matokeo yale na kuandika kwamba wafanyabiashara wa Burundi wanalalamikia umeme au mikopo, akisahau kwamba alisikia sauti za wachache walioandikishwa.

Husemwa pia kwamba nchi maskini haina budi kuridhika na namba hafifu, kwani ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Siafiki, na Burundi yenyewe inatoa sababu. Uwiano wa asilimia 85 za Wahutu, 14 za Watutsi na 1 ya Watwa umerithiwa kutoka enzi za ukoloni, na unanukuliwa hadi leo ingawa matokeo yaliyochapishwa ya sensa za 1979, 1990 na 2008 hayakuwagawa watu hivyo. Migao ya asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi katika Bunge ilikuwa maafikiano ya kisiasa ya kutafuta amani, na kama maafikiano ina hoja yake. Lakini mtafiti anayezitumia namba za aina hiyo kupima uzito wa sampuli anajenga juu ya orodha ambayo hakuna aliye hai aliyeiona. Namba hafifu isiyo na tarehe haibaki hafifu. Ikirudiwa vya kutosha hugeuka kuwa ukweli wa kila mtu.

Sensa ya Agosti 2024, miaka kumi na sita baada ya ile ya 2008, ilipata takriban watu milioni 12.3, wakati makadirio ya kimataifa yaliyotumiwa na Benki ya Dunia yalikwisha kuvuka milioni 13 mwaka mmoja kabla. Tofauti hiyo inagusa kila kiwango kilichogawanywa kwa idadi ya watu, kuanzia pato la mtu mmoja hadi dozi za chanjo. Kwa Nyakabiga ina maana kwamba kwa mara ya pili tangu 1990 ipo orodha mbichi. Mwanafunzi wa uchumi wa Mutanga anaweza kuvuka barabara na kupima mtaa ulio mbele ya chuo chake, maduka madogo yakiwemo, kwa gharama ya daftari na miguu. Afanye hivyo sasa, na katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, juu ya jedwali lolote, aandike orodha yake ilitengenezwa lini, nani aliandamana na makarani wakiiandika, na milango mingapi haikufunguka.