Fahali wa nyama: tazama tabia kabla ya kilo

Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya maziwa. Wafugaji hufuga Friesian na Ayrshire, na madume yao wengine huyanenepesha kwa nyama. Tahadhari: fahali wa mbegu ya maziwa, hasa Friesian, ajulikana kwa ukali. Hata aliyelelewa kwa mkono huweza kumgeukia mwenyewe.

Boran, mbegu yenye asili kusini mwa Ethiopia, na ambayo wafugaji wake Kenya wana chama tangu 1951, kwa kawaida ni mtulivu na hustahimili ukame. Lakini mbegu pekee si dhamana. Tabia hurithiwa kwa kiasi, basi mtazame fahali mwenyewe: akisogelewa zizini, hutulia au huruka ua? Mkali asizalishwe, hata akiwa mnene vipi.

Jambo hili latufikia hata sisi Pwani. Mnyama aliyehangaika kabla ya kuchinjwa humaliza sukari ya misuli. Nyama yake huwa nyeusi, kavu na huharibika upesi. Nasi tumeamrishwa tusimtaabishe mnyama wa kuchinja. Raha yake huanza siku mfugaji anapomchagua babake.