Wawili Wakikutana: Historia Fupi ya Mikutano ya Walioacha Pombe

Sisi tuishio Kibati, miguuni pa mlima Nyiragongo, tunaijua pombe kwa majina yake: kasiksi ya ndizi, kanyanga inayochoma koo, na bia za kiwandani. Tunazijua pia nyakati ambazo mtu huikimbilia. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima uliteketeza sehemu kubwa ya Goma. Mwaka 2008 maelfu waliokimbia vita walipiga kambi hapa kwetu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatapika tena. Kwa nini jirani alianza kunywa, twaelewa sote. Jinsi mtu anavyoacha, hilo twalielewa kidogo, na historia yaweza kutufundisha.

Njia ya kwanza iliyojaribiwa katika nchi zetu ilikuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliiwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwamo. Wakubwa waliijadili chupa. Mnywaji hakuwamo katika mazungumzo. Na sheria ya forodha haiwezi kuizuia ndizi kuchachuka.

Njia ya pili ilikuwa ahadi. Tarehe 10 Aprili 1838, mjini Cork nchini Ireland, Padre Theobald Mathew, Mkapuchini, alianza kuwaita watu waahidi kutokunywa kabisa. Katika miaka michache mamilioni waliahidi. Lakini njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliivuruga nchi, na padre alipofariki mwaka 1856 moto ule ulikuwa umefifia. Mwaka uleule alizaliwa Dublin Matt Talbot, kibarua aliyeanza kunywa angali mtoto. Mwaka 1884 aliahidi kuacha kwa miezi mitatu tu, kisha akairefusha ahadi hatua kwa hatua. Aliishika hadi kifo chake mwaka 1925, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa. Talbot alishinda, lakini wangapi wana nguvu zake?

Njia ya tatu ilizaliwa Marekani mwezi Mei 1935. Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alijikuta mjini Akron, biashara yake imevunjika na baa ya hoteli i karibu. Badala ya kuingia, alipiga simu kwa watu wa kanisa akiomba kukutanishwa na mlevi mwingine. Alikutanishwa na daktari Bob Smith. Wilson hakumhubiria, alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Juni, daktari alikunywa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Wakatoliki hawakukaa mbali. Mwaka 1939, hospitali nyingi zilipokuwa zikiwakataa walevi, Sista Ignatia aliwafungulia mlango katika hospitali ya St. Thomas, hukohuko Akron. Mwishoni mwa mwaka 1940 Padre Edward Dowling, Mjesuiti asiyekuwa mlevi, alimtembelea Wilson, kwa kuwa aliona katika hatua zao kumi na mbili undugu na Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi. Urafiki wao ulidumu miaka ishirini.

Utaratibu wa mikutano ni mwepesi. Sharti la kuingia ni moja: hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Kila mmoja husema habari zake, wala hakatwi kauli. Linalosemwa humo halitoki nje. Lengo ni leo, si mwaka mzima.

Hapa ndipo tunapopaswa kujipima. Jumuiya zetu husali pamoja na kuzika pamoja, na hilo ni jema. Lakini katika mitaa ya nyumba za mbao na maturubai, ambako kikohozi cha jirani husikika, mnywaji huogopa kuitwa kwa jina mbele ya watu wale wale wanaojua deni lake. Akisimamishwa kama mfano mbaya, atarudi kwenye kanyanga. Basi tusiifanye jumuiya kuwa mkutano huo. Tuutafutie mkutano nafasi yake. Anayetafuta aulize kwa siri katika kituo cha afya, kwa paroko, au kwa mtu aliyekwisha kuacha. Mjini Goma, kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo kinajulikana kwa kuwahudumia wenye magonjwa ya akili. Na aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila mganga, kwa maana kutetemeka na degedege vyaweza kumwua.

Pasipo na mkutano, Akron inatosha kutufundisha: walianza wawili. Sisi tusio walevi tutoe chumba, benchi na ufunguo, kisha tuondoke. Mazungumzo ni yao.