Orodha Iliyopotea Karthago

Ndugu msomaji, ukisikia neno "utoaji", nadhani akili yako inakimbilia pale pale inapokimbilia yangu: kipaza sauti, na jina la mheshimiwa fulani likitajwa mara tatu kabla ya kiasi alichotoa. Mwenye laki anapigiwa makofi. Mwenye mia anaingizwa kwenye "na wengine wote". Tumezoea, bwana. Ila leo tuiache kelele hiyo kidogo, turudi nyuma zaidi ya miaka 1,700, tena hapa hapa Afrika.

Mji ninaousema ni Karthago, katika nchi tunayoiita sasa Tunisia. Wakati huo ulikuwa chini ya Dola la Roma. Wako vijana wengi wanaoamini kwamba Ukristo uliingia Afrika na meli za wamisionari wa karne ya 19. La hasha! Katikati ya karne ya 3 Karthago ilikuwa na askofu wake, Sipriani, msomi na fundi wa kusema. Alipoingia katika imani aliziuza bustani zake na fedha akawagawia maskini. Utasema, sawa, tajiri katoa, ajabu iko wapi? Subiri.

Mwaka 250 Kaisari Decius alitaka kila mtu aitolee sadaka miungu ya Roma. Waliokataa walifungwa, wengine wakauawa, na wengi waliogopa wakatii. Umati ulipiga kelele Sipriani atupiwe simba. Akajificha, na wapo waliomsema kwamba kakimbia. Lakini huko mafichoni alikuwa akiandika barua: wajane watunzwe, wagonjwa watunzwe, na fedha zake alizoziacha mjini zisaidie hata wageni wenye shida.

Haikupita miaka mingi, ukaingia ugonjwa wa kuambukiza. Watu walihara, walitapika, macho yakawaka mekundu. Wengine walipona wakiwa viziwi au vipofu. Mtu alimkimbia ndugu yake wa damu. Maiti zililala barabarani. Na lawama zikaangushiwa nani? Wakristo, eti wameikasirisha miungu.

Hapo ndipo habari hii iliponishika. Sipriani aliwakusanya waumini akawakumbusha fundisho la Yesu: ukimtendea mema wa kwenu tu, umemzidi nini asiyeamini? Basi wakagawana kazi. Wenye fedha walitoa fedha, na wasio na kitu walitoa mikono yao, na mwandishi wa maisha ya Sipriani anasema hao wa mwisho ndio waliotoa kilicho bora kuliko mali. Walihudumia wote. Hebu fikiria: unamnywesha maji mtu ambaye juzi juzi tu pengine alikuwa kwenye umati ule unaotaka askofu wako aliwe na simba! Mimi nasema hapo utoaji unauma kuliko kutoa noti.

Mnamo mwaka 253 wavamizi waliteka watu huko Numidia, jirani na Karthago. Maaskofu wanane wa kule wakaomba msaada wa kuwakomboa. Karthago ikachanga sestersi 100,000, fedha nyingi sana kwa kanisa lililotoka kuteswa. Sipriani akaandika barua ya kusindikiza mchango, na ndani yake mna mambo mawili ninayoyapenda. La kwanza, anawaambia wakipatwa tena wasisite kuomba. Nani kati yetu, akishatoa mchango mkubwa, huongeza "karibuni tena"? La pili, anasema ameambatanisha majina ya waliotoa, ili waliopokea wawaombee.

Kumbe majina yaliandikwa! Kwa hiyo ubaya hauko kwenye orodha yenyewe. Swali ni orodha inakwenda wapi. Yetu husomwa mbele ya watu ili mtoaji aonekane. Ile ilipelekwa kwa maaskofu walioomba msaada, iwe sala.

Tarehe 14 Septemba 258, katika mateso ya Kaisari Valerian, Sipriani alihukumiwa kukatwa kichwa. Alipofika mahali pa kufia aliwaagiza watu wake wampe yule mwenye upanga vipande 25 vya dhahabu. Huo ndio mchango wake wa mwisho unaojulikana.

Barua ya Numidia tunayo hadi leo. Orodha ya majina haipo. Askofu tunamjua, kaisari tunamjua, lakini waliochanga wamebaki "na wengine wote". Inaniuma kama mtu anayejifunza kuandika. Wenzangu wa kalamu, mtaani kwako yuko mtu wa namna hiyo, anayemuuguza jirani aliyemtukana mwaka jana. Mwandike. Na ukimwandika, usianze na kiasi alichotoa. Anza na yule aliyepokea.