Sepultura, 1984 hadi 2024: Bendi Iliyomzidi Umri Mwanzilishi Wake

Tarehe 16 Desemba 1996 Sepultura ilipiga katika ukumbi wa Brixton Academy, London, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa Max Cavalera kuiimbia bendi aliyoianzisha na mdogo wake Igor miaka kumi na miwili kabla. Wapenzi wengi wa hevi metali, na waandishi wake wengi, huifunga historia ya Sepultura usiku ule. Yaliyofuata huyaita maisha ya jina lisilo na mwenyewe. Bendi ilipotimiza miaka 40 mwaka 2024 na kuanza ziara ya kuaga, hukumu hiyo ilisikika upya. Hukumu hiyo haimtendei haki Derrick Green, mwimbaji aliyekuja baadaye, na tatizo lake kubwa zaidi ni kwamba ushahidi wa muziki wenyewe unaipinga. Sepultura haikuwa mali ya sauti moja hata siku Max alipokuwa kiongozi wake. Ilikuwa taasisi yenye tabia zake: iliwafungulia mlango wageni na kuwapa kazi ya maana, na kila ilipokwama iliirudia ngoma. Tabia hizo zilikuwepo kabla ya Roots, albamu iliyoipa sifa kubwa kuliko zote, na ziliendelea baada ya ndugu wote wawili kuondoka.

Mwanzo wake ulikuwa wa kimaskini. Mwaka 1984 Brazil ilikuwa bado chini ya wanajeshi walioshika nchi tangu 1964, na Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, haukuwa mji ambao kampuni za muziki za Rio de Janeiro na São Paulo ziliupigia hodi. Baba yao Max na Igor, Mwitaliano aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Italia, alikuwa amefariki ghafla wangali wadogo, na familia iliyozoea maisha mazuri ikashuka. Januari 1985 tamasha la kwanza la Rock in Rio liliwaleta Iron Maiden, AC/DC na Ozzy Osbourne nchini, na vijana wa rika lao wakaona kwa macho kile walichokijua kwa santuri na kanda za kunakili. Mwaka huohuo duka la santuri la Cogumelo, lililokuwa limeanzisha lebo yake palepale mjini, liliwatolea Bestial Devastation: upande mmoja wa santuri wao, upande wa pili bendi nyingine ya mji huo, Overdose. Mwaka 1986 ikafuata Morbid Visions. Magitaa hayakutyuniwa vizuri, Kiingereza cha mashairi kilikuwa cha kuungaunga, na mada za kishetani zilitoka moja kwa moja kwa Venom wa Uingereza. Kazi hizo mbili zina nguvu ya ujana, lakini zingekuwa ndizo peke yake, leo Sepultura ingejulikana na wakusanyaji wa santuri adimu tu.

Hapa ndipo anayeshikilia kwamba Sepultura ni Max anapopaswa kutulia kidogo. Mwimbaji wa kwanza wa bendi alikuwa Wagner Lamounier, aliyeondoka 1985 kabla ya santuri yoyote kutoka, akaenda kuwa mwimbaji wa bendi ya Sarcófago. Max alichukua kipaza sauti kwa sababu kilikuwa kimebaki wazi. Mpiga gitaa Jairo Guedz naye aliondoka 1987, na nafasi yake ikajazwa na Andreas Kisser, kijana wa upande wa São Paulo aliyekuwa amefundishwa gitaa kwa utaratibu na aliyejua kupanga sehemu za wimbo. Tofauti kati ya Morbid Visions na Schizophrenia, iliyotoka mwaka huohuo wa 1987, haihitaji sikio la fundi. Nyimbo zinakuwa ndefu, mikato ya gitaa inajibizana, na solo inapata mwelekeo badala ya kuwa kelele za kujaza nafasi. Hawa wanne, Max, Igor, Kisser na mpiga besi Paulo Jr., ndio ambao mashabiki huwaita Sepultura halisi. Basi Sepultura hiyo halisi ilipatikana kwa kuondokewa na watu na kupokea mgeni. Desturi ya kupokea mgeni, iliyolaumiwa mwaka 1998 albamu ya kwanza ya Green ilipotoka, ndiyo iliyoizaa bendi mwaka 1987.

Mgeni wa pili hakuwa mwanamuziki wa bendi. Lebo ya Roadrunner ilipowachukua, ilimtuma kutoka Florida prodyuza Scott Burns, na Desemba 1988 wakaingia studio ya Nas Nuvens, Rio, kwa bajeti ndogo. Walifanya kazi usiku, kuanzia saa mbili hadi karibu na mapambazuko. Kilichotoka, Beneath the Remains ya 1989, ni moja ya albamu bora kabisa za thrashi, tawi la kasi la hevi metali, kutoka nchi yoyote. Sikiliza mkono wa kulia wa gitaa unavyokata nyuzi kwa kasi bila kuteleza, halafu sikiliza jinsi Igor asivyoridhika kuufuata: anaingiza mapigo ya ngoma za kifuani mahali ambapo mpigaji wa Marekani au Ujerumani angegonga matoazi tu. Albamu iliwapeleka Ulaya wakiwa pamoja na Sodom wa Ujerumani. Arise, iliyorekodiwa katika studio ya Morrisound mjini Tampa na kutoka 1991, ikaendeleza njia hiyo kwa ufundi zaidi, na Januari ya mwaka huo walipanda jukwaa la Rock in Rio ya pili ndani ya uwanja wa Maracanã. Miaka sita kabla, tamasha hilo lilikuwa la kuwatazama wageni.

Wangeweza kubaki hapo na kurekodi Arise mara tano. Badala yake Chaos A.D., mwaka 1993, ilipunguza mwendo na kuiweka ngoma mbele. Mashabiki wa thrashi safi walinung'unika, na wapo wanaonung'unika hadi leo, wakisema hapo ndipo bendi ilipoacha kazi yake. Sioni hivyo. Thrashi ilizaliwa kwa kuchanganya kasi ya panki na uzito wa hevi metali, kwa hiyo kuitaka isichanganye tena ni kuinyima kilichoiumba. Isitoshe, mwendo ule mpya ulikuja na jambo la kusema. Wimbo Manifest unahusu gereza la Carandiru, São Paulo, ambako Oktoba 2, 1992 wafungwa 111 waliuawa katika operesheni ya polisi. Wimbo Kaiowas, usio na maneno, unawahusu Waguarani-Kaiowá, watu wa asili waliojulikana kwa kutishia kujiua kwa pamoja kuliko kunyang'anywa ardhi yao. Waliurekodi wakiwa wamekaa ndani ya magofu ya ngome ya Chepstow huko Wales, kwa magitaa yasiyo ya umeme na ngoma za mkono, na ukiusikiliza kwa makini utasikia uwazi wa mahali pale, sauti ikipanda kwenye kuta za mawe zisizo na paa. Bendi ya metali ikaa chini, izime umeme, na bado itishe: hilo halikuwa la kawaida 1993.

Kutoka Kaiowas hadi Roots ni hatua moja. Novemba 1995 walisafiri hadi kijiji cha Waxavante, watu wa asili wa Brazil, katika jimbo la Mato Grosso, wakarekodi pamoja nao wimbo Itsári. Carlinhos Brown, bingwa wa ngoma kutoka Bahia, akaingia kwenye Ratamahatta. Katika Attitude wakafungua kwa berimbau, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, ala iliyovuka bahari na Waafrika wa upande wa Angola waliouzwa utumwani na ambayo nchini Brazil ndiyo roho ya mchezo wa kapoeira. Albamu ilitoka Februari 1996 chini ya prodyuza Ross Robinson, na sura ya jalada lake ilichukuliwa kutoka noti ya kruzeiro 1,000. Kwa msikilizaji wa Afrika kuna jambo la kutambua papo hapo: mapigo yanaulizana na kujibizana, na gitaa zito limewekwa chini kama ngoma nyingine.

Pingamizi la maana zaidi dhidi ya Roots halihusu muziki. Linauliza kama vijana wa mjini, wakiwa na lebo ya kimataifa nyuma yao na makazi Phoenix, Arizona, walikuwa na haki ya kuuza sauti za watu wa msituni. Swali hilo ni zito, na kusema kwamba nia ilikuwa njema hakulijibu. Kinachoweza kusemwa kwa ushahidi ni kwamba hawakunakili sauti za Waxavante kutoka kwenye kanda za watafiti. Waliomba ruhusa, wakaenda, wakapiga pamoja nao, na Waxavante wakatajwa wazi kama wenye kazi. Kwamba faida ya albamu iliyouzwa dunia nzima haikugawanyika sawa kati ya kijiji na lebo, hilo naliona wazi, na ni lawama inayoigusa biashara yote ya muziki. Hata hivyo kwa kijana wa São Paulo au Belo Horizonte aliyefundishwa kuona haya kwa kila cha kienyeji, albamu hiyo ilipandisha hadhi ya kitu ambacho shule yake haikukipandisha.

Kisha nyumba ikapasuka. Agosti 1996 mwana wa kambo wa Max alifariki katika ajali ya gari. Max alirudi nyumbani kwenye msiba, na wenzake wakapanda jukwaa la Donington, Uingereza, watatu tu, Kisser akiimba. Mwishoni mwa mwaka wenzake hao walikataa kuendelea na meneja Gloria, mke wa Max na mama wa marehemu, na Max akaondoka. Sitajaribu kuamua nani alikosea. Kila upande umesema yake kwa miaka mingi, na msiba ule ulikuwa bado mbichi mno kwa yeyote kufanya uamuzi wa busara.

Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, Ohio, ndiye aliyeingia. Albamu yake ya kwanza na bendi, Against, ilipotoka Oktoba 1998, mauzo yalishuka vibaya, na hatimaye bendi na Roadrunner wakaachana. Wanaosema bendi ilikufa huutegemea ushahidi huu, na ni kweli kwamba hakuna albamu ya Green iliyofikia umaarufu wa Roots. Lakini mauzo hupima soko, na soko la metali lote lilikuwa limehama. Tupime kwa kazi. Katika Against wamo Kodo, kundi mashuhuri la ngoma za Kijapani, wakipiga na Sepultura wimbo Kamaitachi: ndiyo safari ileile ya Mato Grosso, ila imeelekea mashariki. Katika Nation ya 2001 wamo wapiga cello wa Apocalyptica kutoka Ufini. Dante XXI ya 2006 imejengwa juu ya utenzi wa Dante, na A-Lex ya 2009 juu ya riwaya A Clockwork Orange. Mwaka 2011 walipanda jukwaa la Rock in Rio na Tambours du Bronx, Wafaransa wanaopiga mapipa ya chuma kwa marungu. Bendi iliyokufa haifanyi mambo haya. Nakiri kwamba Roorback, ya 2003, inachosha kabla ya kufika mwisho, na sauti ya Green ilichukua muda kupata upana wake. Ilipoupata, iliweza kunguruma na pia kuimba, jambo ambalo Max hakuwahi kulihitaji.

Igor naye aliondoka 2006, na hapo bendi ikabaki bila Cavalera hata mmoja. Aliyebaki wa siku za mwanzo ni Paulo Jr. peke yake. Kiti cha ngoma, kiti kigumu kuliko vyote katika bendi hii, kilikaliwa na Jean Dolabella, kisha 2011 na Eloy Casagrande, kijana wa miaka 20 ambaye hivi leo hakuna anayebisha ubingwa wake. Machine Messiah ya 2017 ina fidla za Tunisia. Quadra ya 2020 imegawanywa sehemu nne za nyimbo tatu tatu: ya kwanza thrashi ya enzi za Beneath the Remains, ya pili ngoma za ukoo wa Roots, ya tatu majaribio ya ala, ya nne nyimbo za taratibu. Ni bendi inayoijua mirathi yake yote na inayoweza kuipiga bila kuigiza. Na wale ndugu? Wamepatana tangu 2006, wakapiga Roots nzima katika ziara, na 2023 wakarekodi upya kazi zao mbili za kwanza. Hilo halipunguzi hoja yangu. Wao wameushika ujana wa Sepultura, wana haki nao, na bendi imeushika utu uzima.

Desemba 2023 bendi ilitangaza ziara ya kuaga na kueleza kwamba inachagua kumaliza ikiwa bado na nguvu. Muda mfupi kabla ya onyesho la kwanza, Machi 2024 mjini Belo Horizonte, Casagrande aliondoka kujiunga na bendi ya Slipknot. Wakamwita Greyson Nekrutman, Mmarekani aliyezaliwa baada ya Roots kutoka, na ziara ikaanza kwa tarehe iliyopangwa. Hesabu ya albamu imesimama hivi: sita na Max, tisa na Green. Anayetaka kuijua Sepultura asikilize Beneath the Remains, Roots na Quadra kwa mpangilio huo, na asiishie kwenye ya pili.