Dhihaka
Dhihaka ni maneno au matendo ya kumcheka mtu ili kumshusha hadhi. Kitenzi chake ni kudhihaki. Asili yake ni Kiarabu. Inakaribiana na kejeli na bezo, ila mara nyingi huambatana na kuiga: anayemwigiza mwenye kigugumizi humdhihaki bila kutamka tusi, na hiyo ndiyo dhihaka iumizayo zaidi. Kurani (sura ya 49, aya ya 11) inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Hata hivyo, si kila lakabu ni dhihaka. Wasomali hupeana naanays, majina yatokanayo na umbile au tabia; Rais Siad Barre wa Somalia aliitwa Afweyne, yaani mdomo mkubwa.